Maskini Daraja la Kwanza

Habari kwamba Restuta amepata nafasi ya chuo kikuu zilifika Milola asubuhi, na kabla ya adhuhuri baba yake alikuwa ameshazivuruga.

Baba huyo ni Bonaventura. Alizisikia akiwa mashineni, pale watu wanapongoja zamu ya kusaga, na badala ya kurudi nyumbani kumpongeza mtoto, alisimama katikati ya akina mama na madebe yao ya mahindi, akasafisha koo kama mtu anayefungua mkutano, akatangaza kwamba binti yake anakwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya ualimu wa hisabati. Hapo angenyamaza angekuwa salama. Lakini mama mmoja alisema kwa upole kwamba siku hizi chuo ni ghali, si kama zamani, na Bonaventura akajibu kwamba gharama si kitu.

"Mtoto ni wangu," alisema. "Nitalipa mwenyewe."

Leo akisimulia kisa hiki, na hupenda kukisimulia yeye kabla wengine hawajakisimulia vibaya, huanzia hapo mashineni. Husema kuwa yeye alizaliwa katika nyumba ya nyasi, lakini mdomo wake ulizaliwa ghorofani.

Kwa miaka mingi alikuwa karani wa chama cha ushirika, enzi ambazo korosho za vijiji vyote vya jirani zilipita kwenye mzani wake, na wakulima walimwita Bwana Mhasibu ingawa mhasibu hakuwa. Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao na fedha taslimu, chama kikayumba, kikaanguka, na makarani wakaambiwa waende nyumbani wakasubiri mafao. Bonaventura alikwenda nyumbani. Mafao anayasubiri mpaka leo. Alibaki na mikorosho yake, ambayo kila akiitaja hadharani iliongezeka, na shamba la mihogo la mkewe Katarina, ambalo hakulitaja kabisa ingawa ndilo lililowalisha.

Ila sura ya mtu mwenye kazi hakukubali kuiacha. Suruali zake zilikuwa na mstari wa pasi hata siku za kupalilia. Nyumba yake ilikuwa na bati upande wa barabarani na nyasi upande wa uani, maana fedha ziliishia juu ya boriti ya kati, na yeye hakuona sababu ya kuwasumbua wapita njia kwa habari za upande wa pili. Sebuleni kulikuwa na makochi ya mbao ya mninga, kabati la vioo, saa ya ukutani na redio kaseti, vyote vya enzi za mshahara. Mgeni akiingia alikaribishwa kwenye kochi kwa namna ambayo hakuweza kukaa bila kwanza kulisifu.

Jioni ile Restuta alimwekea baba yake mezani karatasi ya gharama za chuo. Bonaventura aliisoma mpaka chini, akaigeuza aone kama nyuma kuna maelezo ya kupunguza, kisha akatoka akaenda kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa nyuma ya jiko. Alikumbuka zamu yake. Serikali ilimpeleka Moshi kusomea mambo ya ushirika: waranti ya kusafiri bure kwa meli mpaka Dar es Salaam, waranti ya treni mpaka Moshi, blanketi, posho, hata sabuni. Hakuna aliyemuuliza baba yake ana nini. Alidhani enzi zile zote kwamba serikali ilimlipia kwa sababu alikuwa na akili. Sasa, akiwa juu ya kinu, ndipo ilipomjia kwamba kumbe ililipia kila mtu.

Restuta alimfuata. Alikuwa msichana mtulivu, mwenye tabia ya kumwachia baba yake amalize hotuba ndipo aseme neno moja lenye maana. Alimweleza kwamba serikali bado inatoa fedha kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, ila haimpi kila mtu kama zamani. Inawapa wale ambao wazazi wao hawana uwezo, tena kijiji kishuhudie, na afisa kutoka Lindi aje kuhakiki.

"Kwa hiyo," alisema Bonaventura, "inabidi niwe maskini."

"Haibidi uwe, baba," alisema Restuta. "Inabidi useme."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Asubuhi alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, kijana mmoja aitwaye Salumu, na kwa kuwa ofisi ni ofisi, alivaa suti yake ya Kaunda na viatu vya ngozi alivyovipaka mafuta ya taa kidogo ving'ae. Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa watu waliokuja kwa kesi ya mbuzi aliyekula mbaazi. Wote walimwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiye na shida. Aliingia, akafunga mlango. Salumu akaufungua, kwa sababu ya joto.

Bonaventura akaanza kuzunguka. Alisema hali yake ya kiuchumi, kwa kipindi hiki cha mpito, haijatengemaa ipasavyo. Salumu akauliza maana yake nini. Bonaventura akasema mapato yamekuwa hayaendani na majukumu. Salumu, ambaye alikuwa na kesi ya mbuzi inamngoja, akashika kalamu.

"Mzee wangu, niandike huna uwezo?"

"Andika uwezo wa wastani," alisema Bonaventura kwa sauti ya chini. "Unaoshuka."

Salumu alimweleza kwa heshima kwamba nafasi ya namna hiyo haipo. Ipo ya wenye uwezo na ipo ya wasio na uwezo, na wastani unaoshuka hauna pa kuandikwa. Nje benchi zima lilikuwa kimya. Hata mwenye mbuzi alikuwa ameacha kulalamika. Bonaventura akasema haya, aandike hilo la pili. Salumu akaandika, akapiga mhuri, akamwambia kwamba afisa wa kuhakiki, mama mmoja aitwaye Mwanaheri, atafika Alhamisi ya wiki inayofuata.

Kama angerudi nyumbani akatulia, kisa kingeishia hapo. Badala yake, Jumatatu alipanda gari la mizigo akaenda Lindi mjini kutafuta ushauri kwa Jerome, karani mwenzake wa zamani, ambaye siku hizi aliuza vocha za simu karibu na soko na alijua kila kitu ambacho hakikumhusu. Jerome alimtisha. Alisema yupo mtu anayemfahamu, mtoto wake alinyimwa kwa sababu afisa aliona jokofu. Bonaventura akasema yeye hana jokofu. Jerome akauliza, una makochi? Bonaventura akasema anayo, ya mninga. Jerome akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeona picha ya kifua.

Alirudi Milola Jumanne akiwa amekwisha kupanga kila kitu. Katarina alimpokea mlangoni, akamwambia kuna jambo la kumweleza kuhusu jana. Bonaventura akamwambia jambo lolote lingoje. Katarina akasema linahusu afisa. Bonaventura akasema kuhusu afisa yeye ndiye ametoka mjini, yeye ndiye mwenye taarifa kamili. Restuta naye alifungua mdomo, baba yake akanyoosha kiganja. Katarina alikuwa ameishi na mtu huyu tangu enzi za mzani. Alimtazama kidogo, akachukua jembe, akaenda zake shamba.

Mpango ulikuwa rahisi: kila kitu chenye thamani kihamie kwa Petro, jirani wa upande wa pili wa njia, hadi afisa aondoke. Petro alikuwa mseja aliyekalia vigoda maisha yake yote, na alikubali upesi kiasi cha kumshangaza Bonaventura. Walihamisha mchana, kwa kuwa kuhamisha vitu usiku kungeonekana ni wizi. Makochi yalivuka njia, kabati likavuka, saa na redio vikavuka, na watu waliopita walisimama kuuliza kama Petro anaoa. Bonaventura aliwajibu kwamba anapiga sakafu dawa ya mchwa.

Kikabaki kitu kimoja kisichohamishika, nacho ni bati. Bonaventura alilitazama kutoka barabarani, likamtazama na lenyewe, linameremeta. Jumatano akapanda juu na matita ya nyasi ili alifunike. Petro alisimama chini akimrushia, huku akimweleza kwamba nyasi juu ya bati hazikai bila kufungwa. Bonaventura alimjibu kwamba yeye amesoma Moshi. Alikuwa amekwisha kufunika kama nusu ya upande ule alipojaribu kusogea. Nyasi zikaanza safari, naye akaanza nazo. Walishuka pamoja bila haraka, nyasi chini, Bonaventura juu, mpaka kwenye banda la kuku. Hakuvunjika kitu, ila nyonga iliuma na mstari wa pasi uliishia hapo.

Petro alipomwinua alimwuliza kama huko Moshi walifundishwa na namna ya kushuka.

Usiku Katarina alimkanda kwa maji ya moto. Alijaribu tena kusema habari ya Jumatatu, lakini Bonaventura alikuwa analalamika kwa sauti kubwa mno, na Katarina akaona labda ni bora kesho ijiseme yenyewe.

Alhamisi, jua likiwa limepanda, Mwanaheri alifika na pikipiki, Salumu akiwa amekaa nyuma. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga mtandio vizuri kichwani, uso wake umechoka kwa barabara. Walipiga hodi wakakaribishwa. Bonaventura alitoka kwa kuchechemea, na kuchechemea huko kulikuwa kwa kweli, ingawa alikuongezea kidogo. Alikuwa amevaa shati ambalo Katarina alikuwa akifutia taa. Alimkaribisha mgeni kwenye mkeka, katikati ya sebule tupu, akaketi mbele yake na kushusha mabega.

Mwanaheri alimwamkia, akamwuliza hali, akafungua faili lake magotini. Alisema amekuja tu kupata sahihi ya mzazi. Bonaventura, ambaye alikuwa amejiandaa kwa maswali mazito, hakulisikia lile neno "tu". Akaanza kusimulia. Alisema wanakula mara moja kwa siku, na siku nyingine mara hiyo moja nayo inaahirishwa. Alisema chumvi wanaonja Jumapili. Alikohoa. Alisema mvua ikinyesha wanasimama wote kwenye kona moja. Restuta alikuwa ameketi karibu na mlango akitazama vidole vya miguu yake. Uani jogoo alianza kuwika, na kuku wawili au watatu, wanene, wakapita mlangoni wakidonoa mchele uliomwagika asubuhi. Bonaventura akawafukuza kama kuku wa watu.

Mwanaheri alimsikiliza kwa subira, kisha akainua mkono kidogo.

"Mzee, usijisumbue. Nilipata nafasi nikafika hapa mapema, Jumatatu, wewe ulikuwa safarini. Mama alinikaribisha vizuri, binti akanipa chai. Hali ya nyumba niliiandika siku ile ile."

Bonaventura akamgeukia Katarina. Katarina alikuwa akisokota pindo la kanga yake na hakuinua macho.

"Jumatatu," alisema Bonaventura.

"Jumatatu."

"Ulikaa wapi, Jumatatu?"

Mwanaheri hakuelewa swali, lakini alijibu. Alisema alikaa kwenye kiti, hapo hapo sebuleni. Akafunua ukurasa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akamsomea mzazi kilichoandikwa ili asije akasema hakuonyeshwa. Nyumba ya udongo, nusu bati, nusu nyasi. Kaya inategemea shamba dogo la mihogo la mama. Samani chakavu. Redio mbovu. Kaya haina uwezo wa kugharimia masomo.

Bonaventura husema kwamba hapo ndipo alipopaswa kumshukuru Mungu, kutia sahihi na kukohoa mara ya mwisho. Alikuwa amepata kila alichokuwa akikitafuta, tena bila haja ya kudondoka kwenye banda la kuku. Lakini ndani ya kifua chake kulikuwa na karani aliyeamka amekasirika, na karani huyo akasimama bila kuchechemea.

"Chakavu?" alisema.

"Baba," alisema Restuta.

"Mheshimiwa afisa, chakavu ni neno zito. Makochi yale ni ya mninga. Niliyatengenezesha Lindi kwa fundi aliyekuwa akiwatengenezea wakubwa wa mkoa. Mtu hawezi kukaa juu ya mninga, akanywa chai, akaondoka akaandika chakavu."

Akaendelea. Alisema redio ile ilikuwa ikisikika mpaka mashineni. Alisema mikorosho anayo, tena si michache, na akataja idadi ambayo hata Salumu aliangalia pembeni. Alisema bati lipo, nyasi zilizobaki juu yake ni za muda tu. Alizungumza kama siku ile mashineni, kidevu juu, na shati la kufutia taa likipepea. Mwanaheri, ambaye alikuwa amemnyooshea kalamu atie sahihi, aliirudisha taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie aligeuza macho akaitazama sebule, ukuta hadi ukuta.

"Kweli," alisema. "Makochi yako wapi?"

Hapo Bonaventura akapigwa na kitu kizito kuliko nyasi. Afisa huyu alikuwa amekaa sebuleni kwake siku mbili tofauti, moja ikiwa na utajiri wake wote na nyingine ikiwa tupu, na mpaka alipoambiwa hakuwa ameona tofauti.

Lakini kulikuwa na hatari ya karibu zaidi. Mwanaheri alifunga faili. Alisema, bila ukali, kwamba kazi yake ni kuandika ukweli, na mzazi anayeficha mali anamwachia kazi ngumu, maana sasa hajui aamini kipi. Salumu alijikuna shingo. Katarina aliacha kusokota kanga. Bonaventura alimwona binti yake akiwa ametulia kabisa, na utulivu ule ulimtisha kuliko kama angelia, kwa sababu aliufahamu: ndio uliokuwa usoni mwake yeye siku aliyokabidhi funguo za ghala la chama.

Restuta akasimama.

"Vitu viko kwa Mzee Petro, hapo ng'ambo ya njia," alisema. "Twende ukavione, mama. Si mbali."

Wakavuka njia wote, afisa mbele na Bonaventura nyuma, sasa akichechemea bila kuongeza kitu. Walimkuta Petro amekaa kwenye kochi kubwa, miguu juu ya jingine, anakula muhogo wa kuchemsha. Hakushtuka. Aliwakaribisha ndani kama mtu aliyezaliwa kwenye makochi.

Nyumba ya Petro ilikuwa na dirisha kubwa kuliko ya Bonaventura, na mwanga uliingia wote. Kwa miaka Bonaventura alikuwa ameviona vitu vile kwenye giza la sebule yake, chini ya vitambaa alivyofuma Katarina. Petro alikuwa ameviondoa vitambaa kwa sababu vilimwasha. Bonaventura akasimama mlangoni kama mgeni. Aliona kochi kubwa likiwa na miguu mitatu na tofali. Aliona sponji imetoka ubavuni, ya rangi ya chai ya jana. Kioo kimoja cha kabati kilikuwa kadibodi, tena kadibodi yenye maandishi ya sabuni, na akakumbuka kwamba aliiweka mwenyewe, kwa muda, mwaka ambao Restuta alianza shule ya msingi. Redio ilifungwa kwa kamba ya katani. Saa ilionyesha saa nne na robo. Sasa ilikuwa inakaribia sita.

Mwanaheri alisogea karibu. Aliinama, akagusa tofali kwa ncha ya kiatu.

"Hilo ni la kwao," alisema Petro. "Kochi lilikuja nalo." Kisha akaongeza kwamba yeye hana malalamiko, ila kochi dogo lina msumari, na juzi lilimchoma, na kama Mzee Bona hajali, angependa kulirudisha hilo moja leo leo.

Salumu ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, kikamshinda. Katarina akaweka kanga mdomoni. Bonaventura aliwatazama, akalitazama tofali, na kitu alichokuwa amekibana tangu chama kilipoanguka kikamtoka kwa mkupuo, akacheka. Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, akaketi kwenye kochi dogo apumzike, msumari ukamkumbusha, akainuka tena. Wakati huo hata afisa alikuwa amegeukia dirishani.

Alipopata pumzi alijifuta macho kwa shati la taa, akajichora masizi usoni.

"Mama," alimwambia Mwanaheri, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, si ya mkutanoni wala ya mgonjwa. "Liache kama ulivyoliandika. Chakavu. Na saa hukuiandika. Haitembei tangu sijui lini. Mikorosho ninayo, lakini iliyobaki inayozaa unaweza kuikagua kabla jua halijageuka. Chumvi tunakula kila siku. Kuku ni wetu."

Mwanaheri alimwangalia kwa muda. Kisha akafungua faili juu ya kabati la kadibodi, akaandika hayo yote, pamoja na kuku, akampa kalamu. Bonaventura akatia sahihi, ile sahihi yake ya ushirika yenye mkia mrefu. Alipomaliza aliuliza kama ule mkia utamharibia mtoto. Mwanaheri akasema hautamharibia.

Wakati pikipiki inawashwa, Bonaventura alimsogelea Restuta, akataka kusema jambo. Alitafuta maneno ya kuanzia, kama kawaida yake, yale marefu. Restuta hakumngoja. Alichukua ncha ya kanga ya mama yake, akailowesha kwenye mtungi, akamfuta baba yake masizi.

"Ulikuwa karibu kunifukuza chuo kabla sijafika," alisema.

"Karibu sana," alisema Bonaventura.

Majibu yalitoka baada ya wiki kadhaa. Restuta na Salumu walikwenda Lindi kuyasoma yalipobandikwa, na walirudi jioni na gari la mizigo, Restuta akiwa amekaa mbele na dereva. Serikali ingelipa kila kitu: ada, chakula, malazi, vitabu, na ile posho ambayo wanafunzi wa Dar es Salaam waliiita bumu, jina ambalo Bonaventura alilirudia mara nyingi kwa furaha. Waombaji walikuwa wamegawanywa kwa madaraja kulingana na shida za wazazi wao, na Restuta alikuwa amewekwa daraja la kwanza.

Bonaventura alisikia hayo maneno matatu ya mwisho na hakuweza kujizuia. Kesho yake alikuwa mashineni. Aliwatangazia akina mama kwamba mtoto amepata daraja la kwanza. Wakapiga vigelegele, wakampongeza kwamba binti ana akili. Alirudi nyumbani kifua mbele, akafika nusu ya njia, akasimama. Kisha akageuza, akarudi mashineni kwa ile nyonga yake, akawaeleza kwamba si mtoto aliyepata. Ni mimi, alisema. Daraja la kwanza ni langu, la umaskini. Mtoto alifaulu kivyake. Wakampigia vigelegele tena, safari hii vikubwa zaidi, na yule mama aliyesema siku ile kwamba chuo ni ghali alimwahidi kumpisha zamu yake siku atakapoleta debe lake.

Siku ya safari walimsindikiza Restuta mpaka stendi ya Lindi, Bonaventura na Katarina. Bonaventura alikuwa ameandaa nasaha tangu usiku. Zilikuwa na utangulizi, sehemu ya kihistoria kuhusu waranti za meli na treni, kisha mausia yenyewe. Alikuwa bado kwenye meli kondakta alipogonga bodi ya basi. Restuta alimkumbatia mama yake, akamkumbatia na yeye, akasema mengine atayasikia likizo. Basi likaondoka na vumbi lake. Katarina alilipungia mpaka likakata kona, halafu akaendelea kupunga kidogo.

Pembeni yao alikuwa amesimama mzee mmoja kutoka Sudi, amebeba kikapu cha samaki wakavu. Alimwuliza Bonaventura binti anakwenda wapi. Bonaventura akasema chuo kikuu. Yule mzee akapiga mluzi mdogo, akasema yeye naye ana mjukuu wa kike, Shamimu, yuko kidato cha sita, lakini wanaogopa hata kuwaza, maana chuo ni cha wenye nazo. Akauliza wao wamewezaje.

"Serikali inamlipia," alisema Bonaventura. "Inawalipia watoto wa watu wa hali ya chini. Sisi tuna hali ya chini."

Alishangaa jinsi neno hilo lilivyotoka bila kumkwaruza koo. Mzee wa Sudi alimtazama kuanzia kwenye suti ya Kaunda mpaka kwenye viatu vinavyong'aa, akaonekana kuwa na shaka. Bonaventura alivumilia macho yale kwa kadiri alivyoweza.

"Si chini sana," akasema.

Katarina alicheka mpaka akaweka mzigo chini. Bonaventura aliuokota, akautia begani, akamshika mzee wa Sudi mkono, na wakaenda wote watatu kivulini, ili amweleze vizuri wapi pa kuanzia.